Mbio za mchujo wa NFL: piga hesabu mwenyewe, hatua kwa hatua

Alfajiri ya Jumatatu tarehe 10 Januari 2022 ilinikuta sebuleni, blanketi begani, nikitazama Las Vegas Raiders wakimenyana na Los Angeles Chargers. Ilikuwa mechi ya mwisho kabisa ya msimu wa kawaida wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, imeingia muda wa nyongeza, ubao unasoma 32 kwa 32. Mdogo wangu akapita anavaa viatu vya kazini, akauliza: nani anatakiwa kushinda hapa? Nikamwambia hakuna. Wakitoka sare wanafuzu wote wawili kuingia mchujo, yaani hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, na anayefungasha virago ni Pittsburgh Steelers, ambao walishamaliza mechi yao saa kadhaa nyuma, tena kwa ushindi.

Akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Sasa kaka, si wakae tu chini mpira uishe?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Jibu lake nitalileta mwishoni, maana halieleweki bila kupanda ngazi nzima ya hesabu iliyo hapa chini. Ukiwa na kalamu, karatasi na ratiba ya mechi zilizobaki, kuanzia Desemba unaweza kujua timu yako inahitaji nini bila kusubiri mtangazaji akutafunie.

Hatua ya 1: Achana na mazoea ya jedwali la ligi

Sisi tuliokulia kwenye soka tunaingia NFL na macho ya ligi: jedwali moja, kila timu inacheza na kila timu nyumbani na ugenini, aliye juu yuko juu. Huku kuna timu 32 na mechi 17 tu kwa kila timu. Wengi hawakutani msimu mzima. Ndiyo maana jedwali limekatwa vipande.

Timu zimegawanywa kwenye konferensi mbili, AFC na NFC, kila moja timu 16. Kila konferensi ina divisheni nne: Mashariki, Kaskazini, Kusini na Magharibi, kila moja timu nne. Tangu msimu wa 2020, timu saba za kila konferensi huingia kwenye mchujo. Nne ni vinara wa divisheni, nao hupewa nambari 1 hadi 4 kwa kufuata rekodi zao. Tatu ni zile zenye rekodi bora kati ya zilizobaki, bila kujali zimetoka divisheni gani. Hizi nitaziita wenye tiketi ya ziada, nazo hupewa nambari 5 hadi 7.

Nambari 1 hapumui vumbi la raundi ya kwanza, anapumzika. Wengine: 2 na 7, 3 na 6, 4 na 5, na mwenyeji ni mwenye nambari ndogo. Mechi ni moja tu, ukifungwa umekwenda nyumbani.

Kwa hiyo chora karatasi yako hivi: mstari katikati, AFC kushoto, NFC kulia. Juu andika vinara wanne wa divisheni, chini yake andika wote wengine kwa rekodi. Usiwachanganye hata kama kinara ana rekodi mbovu. Msimu wa 2010 Seattle Seahawks walitwaa divisheni yao wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9. New Orleans Saints, waliokuwa 11-5, ikabidi wasafiri kwenda kwao, na wakafungwa 41-36. Kinyume chake kipo pia: New England Patriots walimaliza msimu wa 2008 wakiwa 11-5 na wakatazama mchujo kwenye televisheni, ingawa wakati huo nafasi zilikuwa sita kwa kila konferensi.

Mfano unaouma zaidi ni huu. Msimu wa 2024 Minnesota Vikings na Detroit Lions walifika mechi ya mwisho wote wakiwa 14-2, wote divisheni moja. Lions wakashinda 31-9, wakachukua nambari 1 na mapumziko. Vikings, na ushindi wao 14, wakawa nambari 5 na kupangiwa ugenini kwa Los Angeles Rams waliokuwa 10-7. Wakachapwa 27-9. Baadaye Lions wenyewe, walionufaika na utaratibu huo, ndio waliopeleka pendekezo la kuubadili ili rekodi itangulie, kisha wakaliondoa mwaka 2025. Mimi nauona utaratibu wa sasa kuwa sawa, kwa sababu unazipa mechi za majirani uzito, lakini ningekuwa shabiki wa Vikings nisingekuwa na utulivu huu.

Hatua ya 2: Soma rekodi kwa asilimia, si kwa macho

Rekodi huandikwa ushindi-vipigo, na kama kuna sare inaongezwa tarakimu ya tatu. Sare inahesabika nusu ushindi na nusu kipigo. Hapa hakuna pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare.

Chukua 9-7-1. Ushindi 9 na nusu gawanya kwa 17: 0.559. Iliyo 9-8 ni 0.529. Iliyo 10-7 ni 0.588. Kumbe sare moja inakuweka katikati ya ngazi mbili, mahali ambapo kwa kawaida huwezi kulingana na mtu yeyote isipokuwa aliyetoka sare pia. Weka hilo kichwani. Steelers wa 2021 walitoka sare ya 16-16 na Lions mwezi Novemba, Lions ambao walikuwa hawajashinda hata mechi moja, na mashabiki wao wakaona aibu. Sare hiyo hiyo ndiyo iliyowabeba Januari.

Asilimia inasaidia pia idadi ya mechi isipolingana. Msimu wa 2022 mechi ya Buffalo Bills na Cincinnati Bengals ilisimamishwa tarehe 2 Januari 2023 baada ya Damar Hamlin wa Bills kuanguka uwanjani moyo umesimama, na haikurudiwa. Bills wakamaliza 13-3, Kansas City Chiefs 14-3. Bills walikuwa wamewafunga Chiefs mwezi Oktoba, lakini kigezo hicho hakikuguswa kabisa kwa sababu asilimia hazikulingana: 0.813 kwa 0.824. Vigezo vya kutenganisha huanza kazi pale tu asilimia zinapokuwa sawa. Watu wengi huruka hapa na kuanza kubishana bure.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye mechi 17 za timu yako

Ratiba ina mpangilio, na mpangilio huo ndio chanzo cha vigezo vyote. Mechi 6 ni za divisheni, kila jirani mara mbili. Mechi 4 ni dhidi ya divisheni nyingine nzima ya konferensi yako. Mechi 4 ni dhidi ya divisheni nzima ya konferensi ya pili. Mbili ni dhidi ya timu za konferensi yako zilizomaliza nafasi sawa na yako mwaka uliopita, na moja ya namna hiyo hiyo ni dhidi ya timu ya konferensi ya pili.

Ukijumlisha, mechi 12 ni za konferensi na 5 ni za nje. Kwa hiyo pembeni ya kila kipigo andika D kama ni cha divisheni, K kama ni cha konferensi tu, N kama ni cha nje. Kipigo cha N kinauma rekodi, na pengine tu hesabu ya wapinzani wanaofanana. Kipigo cha D kinauma mara tatu au nne: rekodi, matokeo baina yenu, rekodi ya divisheni na rekodi ya konferensi. Timu mbili zenye 9-6 zinaweza kufanana machoni, kumbe moja imepoteza N nne na nyingine imepoteza D nne. Ya kwanza ni tajiri.

Jambo jingine: majirani wawili wa divisheni moja wana mechi 12 zinazofanana, yaani dhidi ya wapinzani wale wale. Wanatofautiana kwenye mechi tatu tu zile za nafasi ya mwaka jana, ukiacha walipokutana wenyewe. Ndiyo maana mara nyingi hubanana hadi mwisho.

Hatua ya 4: Majirani wawili wamelingana

Kama timu mbili za divisheni moja zina asilimia sawa, shuka ngazi hii. Ukipata tofauti, simama hapo hapo, usiendelee:

1. Matokeo walipokutana wao kwa wao
2. Rekodi ndani ya divisheni
3. Rekodi dhidi ya wapinzani wanaofanana
4. Rekodi ndani ya konferensi
5. Uzito wa ushindi
6. Uzito wa ratiba

Baada ya hapo ndipo yanaanza mambo ya pointi: nafasi ya timu kwa kufunga na kufungwa, tofauti ya pointi, idadi ya tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), na mwisho kabisa kurusha shilingi. Kwa vitendo, ukiwa na hizi sita umemaliza. Na tazama tofauti ya pointi iko chini kiasi gani. Kumfunga mtu 45-3 hakukusaidii chochote zaidi ya kumfunga 20-19. Shabiki wa soka anayelala akihesabu tofauti ya mabao hapa anapoteza usingizi wake bure.

Mara nyingi mambo huishia kwenye ngazi ya kwanza au ya pili. Msimu wa 2023 Tampa Bay Buccaneers na Saints walifika ya tatu: wote 9-8, walifungana kila mmoja mara moja, divisheni wote 4-2, na Buccaneers wakapita kwa rekodi bora dhidi ya wapinzani wanaofanana. Lakini mwaka uliofuata tulipewa darasa kamili, nami nalipenda kwa sababu linashuka ngazi zote bila kuruka.

Msimu wa 2024, divisheni ya NFC Magharibi. Rams 10-7, Seahawks 10-7.

Ngazi ya kwanza: Rams walishinda 26-20 Novemba kwa muda wa nyongeza, Seahawks wakashinda 30-25 wiki ya mwisho. Kila mmoja mara moja.

Ya pili: Rams waliwafunga San Francisco 49ers mara mbili na wakagawana na Arizona Cardinals. Seahawks waligawana na 49ers na wakawafunga Cardinals mara mbili. Ongeza na walivyogawana wenyewe: 4-2 kwa 4-2.

Ya tatu: wapinzani wanaofanana walikuwa 49ers, Cardinals, divisheni nzima ya NFC Kaskazini na nzima ya AFC Mashariki. Rams 7-5. Seahawks 7-5.

Ya nne: konferensi, 6-6 kwa 6-6.

Tukafika kwenye uzito wa ushindi, mahali ambapo wengi hufunga daftari. Si vigumu. Orodhesha kila timu uliyoifunga, andika imeshinda mechi ngapi msimu mzima, jumlisha. Timu uliyoifunga mara mbili iandike mara mbili.

Rams waliwafunga Vikings (14), Bills (13), Seahawks (10), Cardinals (8), 49ers (6), 49ers tena (6), Saints (5), New York Jets (5), Patriots (4) na Las Vegas Raiders (4). Jumla 75.

Seahawks waliwafunga Denver Broncos (10), Rams (10), Cardinals (8), Cardinals tena (8), Atlanta Falcons (8), Miami Dolphins (8), 49ers (6), Chicago Bears (5), Jets (5) na Patriots (4). Jumla 72.

Timu kumi mara mechi 17 ni 170. Kwa hiyo 75 kwa 170, asilimia 0.441, dhidi ya 72 kwa 170, asilimia 0.424. Ushindi tatu, tena wa watu wengine kabisa, ndizo zilizompa Rams divisheni na nambari 4. Seahawks wakakosa hata tiketi ya ziada.

Kuna utamu mwingine humo. Rams hawakusubiri wiki ya mwisho. Waliwafunga Cardinals 13-9 Jumamosi ya wiki ya 17, na mwisho wa Jumapili, wakiwa majumbani mwao, matokeo ya timu nyingine yalikuwa yameshawahakikishia uzito wa ushindi mkubwa kuliko wa Seahawks, hata kama Seahawks wangewafunga. Ndiyo sababu mechi yao ya mwisho walipumzisha mpangaji wa mashambulizi yao, Matthew Stafford, na kipigo kile cha 30-25 hakikuwapunguzia kitu. Ukiona timu inayoonekana kubanwa inapumzisha nyota wake, usikimbilie kumlaumu kocha. Piga hesabu ya ngazi ya tano kwanza.

Ukifika ngazi ya sita, uzito wa ratiba, fanya hivyo hivyo kwa wapinzani wote 17 badala ya wale uliowafunga tu.

Hatua ya 5: Waliolingana wanatoka divisheni tofauti

Hapa ngazi inabadilika, na kosa ninaloliona zaidi mitandaoni ni mtu kutumia ngazi ya majirani kwa watu wasio majirani. Kwa tiketi ya ziada, mpangilio ni: walipokutana wao kwa wao, kama walikutana, kisha rekodi ya konferensi, kisha wapinzani wanaofanana, lakini mechi zisiwe pungufu ya nne, kisha uzito wa ushindi, kisha uzito wa ratiba. Rekodi ya divisheni haimo kabisa. Rekodi ya konferensi imepanda hadi ya pili, na kwa kuwa timu nyingi hazikukutana, ndiyo inayoamua mara nyingi sana. Hapo zile alama za K na N ulizoandika zinalipa.

Kama walikutana, basi mechi moja ya mwanzoni mwa msimu inaweza kufufuka. Tarehe 2 Oktoba 2022 Seahawks waliwafunga Lions 48-45 huko Detroit. Wakati ule Lions walionekana hawana mbele wala nyuma, na mechi ikasahaulika. Kufika Jumapili ya mwisho, tarehe 8 Januari 2023, tiketi ya mwisho ya NFC ilikuwa inagombewa na watatu: Seahawks 8-8, Lions 8-8 na Green Bay Packers 8-8, na mechi ya usiku ilikuwa Lions kwa Packers.

Iandike kama mti. Seahawks wakifungwa mchana: mshindi wa mechi ya usiku anafuzu. Seahawks wakishinda: Packers bado anafuzu kwa kushinda tu, ila Lions anakuwa nje hata akishinda, kwa sababu atalingana na Seahawks kwenye 9-8 na ile 48-45 itamhukumu. Matawi mawili, hakuna zaidi.

Seahawks wakashinda 19-16 dhidi ya Rams kwa muda wa nyongeza. Lions wakaingia uwanjani usiku ule wakijua wameshatolewa, na Seattle nzima ikageuka kuwa mashabiki wa Detroit. Lions wakashinda 20-16. Hawakupata kitu isipokuwa raha ya kumtoa Packers.

Hatua ya 6: Watatu au zaidi

Sasa tulia, maana hapa ndipo kalamu huvunjika. Kuna kanuni tatu.

Kwanza, kama miongoni mwa waliolingana kuna wawili au zaidi wa divisheni moja, watenganishe hao kwanza kwa ngazi ya majirani. Anabaki mmoja tu kwa kila divisheni. Aliyeachwa hajatolewa, anasubiri zamu yake.

Pili, kwa waliobaki, kigezo cha walipokutana hufanya kazi tu iwapo mmoja amewafunga wengine wote, au amefungwa na wote. Kama A alimfunga B, B akamfunga C, na A na C hawakukutana, kigezo hicho unakiruka na kwenda kwenye konferensi. Watatu wakiwa wa divisheni moja ni tofauti kidogo: pale mnachukua asilimia ya mechi zote walizocheza baina yao.

Tatu, na hii ndiyo inayosahaulika: kila ukimpata mmoja, futa na uanze upya kutoka juu na waliobaki, ukimrudisha yule aliyekuwa akisubiri. Na ikiwa katikati ya safari watatu wamepungua kuwa wawili, rudi kwenye ngazi ya kwanza ya watu wawili, usiendelee pale mlipofikia.

Hatua ya 7: Jaribu kuvunja hesabu yako

Wiki ya mwisho ina mechi 16. Bila kuhesabu sare, hayo ni matokeo 65,536 yanayowezekana. Usiogope, timu yako kwa kawaida inaguswa na mechi tatu hadi tano. Zitafute hizo, nyingine zifute.

Kujua kama timu yako imeshafuzu kweli, ifungishe mechi zote zilizobaki na uwape ushindi wapinzani wake wote, kisha uone kama bado imo. Lakini angalia mtego: wapinzani wawili wakikutana wenyewe hawawezi kushinda wote. Wiki ya 18 huu ni mtego wa kila mahali kwa sababu mechi zote za wiki hiyo ni za divisheni. Kujua kama imeshatolewa, fanya kinyume chake.

Herufi ndogo za x, y, z na e zinazowekwa pembeni ya majina ya timu hutofautiana kati ya tovuti na tovuti, soma maelezo chini ya jedwali kabla ya kushangilia. Na kama uvivu umekushika, ESPN wana kikokotoo unachobofya washindi kikakupangia nambari. Mimi hukitumia kusahihisha tu, baada ya kuandika yangu, kama mwanafunzi anayechungulia majibu nyuma ya kitabu.

Saa za kwetu Afrika Mashariki: Desemba na Januari pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu saa nane. Mechi za mchana wao huanza saa 3 usiku wa Jumapili, za jioni yao kama saa 6:25 usiku, na ile kubwa ya mwisho saa 10:20 alfajiri ya Jumatatu. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ondoa saa moja, Muscat ongeza moja. Wiki ya mwisho hakuna mechi ya Jumatatu yao, na ligi hupanga saa siku chache tu kabla ili mechi zinazotegemeana zichezwe pamoja, kwa hiyo usiweke kengele ya simu mapema mno.

Hatua ya 8: Nambari gani, na kwa nani

Kufuzu ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni nambari, maana nambari ndiyo inayokuambia unasafiri kwenda wapi. Na hapa narudi kwa mdogo wangu na kiatu chake.

Siku ile ya Januari 2022, asubuhi ya kwao, hali ilikuwa hivi. Indianapolis Colts walikuwa wanahitaji kuwafunga Jacksonville Jaguars, timu mbovu kuliko zote, ili wafuzu. Wakafungwa 26-11. Steelers wakawafunga Baltimore Ravens 16-13 kwa muda wa nyongeza, wakawa 9-7-1. Raiders na Chargers wote walikuwa 9-7. Patriots, kwenye 10-7, walikuwa ndani tayari. Tiketi mbili zilibaki.

Mmoja akishinda Las Vegas, anakuwa 10-7 na kupita. Aliyefungwa anakuwa 9-8, chini ya Steelers. Lakini wakitoka sare, wote watatu wako 9-7-1. Tumia hatua ya 6. Raiders na Chargers ni majirani, watenganishe kwanza: Chargers walishinda mechi ya Oktoba 28-14, ya pili ni sare, Chargers anatangulia. Chargers na Steelers: Chargers walishinda 41-37 mwezi Novemba. Chargers nambari 6. Futa, anza upya: Raiders na Steelers. Raiders walishinda 26-17 wiki ya pili ya msimu. Raiders nambari 7. Steelers nje.

Sasa tazama tofauti ya nambari. Raiders akitoka sare ni wa 7, anakwenda kwa nambari 2, Kansas City Chiefs. Msimu ule ule Chiefs walikuwa wamewachapa Raiders 41-14, kisha 48-9. Akishinda anapanda hadi nambari 5, juu ya Patriots, anakwenda Cincinnati kwa Bengals. Bengals nao walikuwa wamewafunga mwezi Novemba, 32-13, lakini baina ya safari hizo mbili ungechagua ipi?

Hata hivyo Raiders hawakuwa na haraka. Zikiwa zimebaki sekunde 38, saa inakimbia, wako na mpira wanakimbia nao taratibu, kocha wa Chargers Brandon Staley akaomba kusimamisha mchezo ili apange ulinzi upya. Mpira uliofuata Josh Jacobs wa Raiders akapasua kwa yadi 10. Daniel Carlson akaingia kwa teke la yadi 47, saa ikiisha mpira uko hewani. 35-32.

Chargers wakaenda likizo. Steelers wakachukua nambari 7 na safari ya Kansas City, wakafungwa 42-21. Raiders wakaenda Cincinnati wakapoteza 26-19, na mdogo wangu akafika kazini amechelewa.